Madoa kwenye picha za harusi: mwacheni dada wa mekapu, muulizeni mpiga picha

Haya wadau, kuna harusi moja ilifungwa hapa Dar na mpaka leo watu wa pande mbili wanasalimiana kwa shida, kwa hiyo majina yanahifadhiwa. Bibi harusi anajulikana kidogo mjini. Sio staa wa kusimamisha magari, ila ukitaja jina lake pale Sinza watu wanageuka. Kamati ilichangisha ikachangika, ukumbi wa maana, keki ya ghorofa, na mpiga picha ni mmoja wa wale ambao ukiingia kwenye ukurasa wake wa Instagram unakuta mastaa watupu. Bei yake ilimfanya mweka hazina wa kamati aulize mara mbili. Akajibiwa, "Huyo ndo wa mjini, mlipeni."

Picha zikaja baada ya wiki tatu. Za kanisani safi. Za ukumbini safi kabisa, mtu anang'aa. Zile za ufukweni sasa, zilizopigwa saa nane mchana jua limesimama, bibi harusi ana madoa mawili shavuni na moja karibu na shingo. Ya kijivujivu, ya duara, kama mtu aliyerukiwa na mafuta ya kukaangia siku nyingi zilizopita. Na hizo za ufukweni ndo alizokuwa anazisubiri, alishaandaa mpaka ukuta wa kuzitundika.

Akapiga simu. Mpiga picha hata hakusitasita: "Dada yangu, kamera haidanganyi. Hiyo mekapu iliyeyuka na jua. Angalia za ukumbini baada ya kupakwa upya, si uko fresh?"

Ukiyasikia haraka haraka maneno hayo yanaingia akilini. Juani madoa, ukumbini hakuna madoa, na katikati hapo alipakwa upya. Nani atabisha? Jioni hiyohiyo wifi mtu akaingia kwenye ukurasa wa dada wa mekapu na kumwaga maneno ambayo hayafai kurudiwa hapa, akamalizia na "mnatuuzia poda za chaki." Yule dada ni binti anayejitafuta, ana kachumba kamoja ka saluni na wateja wa kuambiana kwa mdomo. Akajibu kwa adabu tu, "Dada samahani, naomba unitumie hizo picha nizione." Akablokiwa. Wiki hiyo watu wawili waliokuwa wameshamlipa kianzio cha send-off wakaomba hela yao. Akarudisha.

Aliyekuja kuigundua ishu ni mdogo wake bibi harusi, kijana wa kidato cha tano ambaye hajawahi hata kumiliki kamera. Alikuwa anazipitisha picha kwenye laptop ili achague za kuweka status, anabonyeza moja baada ya nyingine haraka. Akaita, "Dada, njoo uone. Mbona hadi anga ina madoa?"

Ni matatu, yamekaa kama mafiga. Picha ambayo bibi harusi kasimama kulia, mafiga yako shavuni kwake. Picha ambayo kahamia kushoto, uso wake msafi na mafiga yamehamia kwenye shati jeupe la msimamizi wa bwana harusi. Picha ya bahari tupu, mafiga yako juu ya maji. Watu wanabadilika, mawingu yanabadilika, madoa yako palepale. Ni kama inzi aliyetua kwenye kioo cha daladala, nje unaona Ubungo, mara Magomeni, mara Fire, inzi yuleyule. Sasa mekapu gani hiyo inayompaka msimamizi na Bahari ya Hindi?

Hilo ni vumbi la kwenye sensa. Sio sensa ile ya kuhesabiwa watu mwaka 2022, hii ni kile kibamba kilichomo ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kila unapotoa lenzi moja na kuweka nyingine, mlango wa kamera unakuwa wazi na vumbi linaingia. Likishakaa hapo, kila picha utakayopiga inalibeba, mahali palepale. Enzi za filamu haya hayakuwa makubwa hivi, maana kila ukipiga, filamu inasogea na kipande kipya kinakuja, na vumbi linaondoka na kipande chake. Sensa haisogei. Picha ya kwanza na ya elfu tano ni kibamba kilekile.

Kilichomponza dada wa mekapu ni hiki: vumbi la sensa halionekani kila saa. Linategemea tundu la lenzi umelifungua kiasi gani. Ukumbini mwanga ni mdogo, mpiga picha anafungua tundu lote, f/2.8 au hata f/1.8, na hapo vumbi linapotea au linabaki kivuli hafifu ambacho hakuna wa kukiona. Ufukweni saa nane mchana, anayetumia flashi ili uso usiwe na giza analazimika kubana, kwa sababu kamera nyingi kwa flashi ya kawaida hazivuki spidi ya 1/200 au 1/250. Ili picha isiungue anashuka mpaka f/16. Na f/16 ndo vumbi linapojichora.

Anayetaka kuelewa kwa nini asimame usiku chini ya taa moja ya barabarani, atakiona kivuli chake kimechorwa vizuri mpaka masikio. Kisha aingie ukumbini penye taa kila kona, kivuli kinayeyuka. Tundu dogo ni ile taa moja. Tundu kubwa ni ukumbi. Na vumbi lenyewe halikai juu ya sensa hasa, linakaa juu ya kioo chembamba kilicho mbele yake, ndo maana kinachoonekana kwenye picha ni kivuli.

Kwa hiyo ule ushahidi alioutumia mpiga picha kumnyonga binti wa watu, kwamba juani chafu na ukumbini safi, ndo dalili yenyewe ya vumbi. Mtu anayelipwa bei ile alitakiwa kuijua. Na kama aliijua akaamua kusema mekapu, hiyo ni habari nyingine, mbaya zaidi.

Hapa watasimama watetezi wake, na wapo wengi. Utetezi wa kwanza ni kwamba kamera za siku hizi zinajisafisha zenyewe. Ni kweli zina hicho kitu. Olympus walikianza mwaka 2003 na kamera yao ya E-1, kile kioo cha mbele ya sensa kinatetemeshwa kwa kasi kubwa vumbi lidondoke, na kampuni nyingine zikafuata. Ila mtetemo unadondosha vumbi kavu. Vumbi lililoshikana na unyevu wa chumvi ya bahari, au tone la mafuta, halishtuki na mtetemo. Na watu wa Dar wanajua hewa ya ufukweni ilivyo, ukikaa nusu saa miwani inanata.

Utetezi wa pili, "Si unafuta tu kwenye Photoshop?" Doa la kwenye anga linafutika kwa sekunde mbili, hakuna ubishi. Doa lililokaa kwenye lesi ya gauni, kwenye nakshi za kanga za mashangazi, au katikati ya shavu la mtu, hilo linataka mkono wa kweli, la sivyo unabaki na shavu lenye kiraka. Zidisha mara picha mia sita. Video ndo balaa zaidi. Kuna jamaa mmoja anayeshuti video za wasanii, alipiga nje mchana bila kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, akabana tundu mpaka mwisho. Video ikatoka na kidoa angani kinachomfuata msanii wimbo mzima. Mashabiki kwenye komenti wakawa wanabishana kama ni droni au ni ndege. Msanii alicheka hadharani, ila kazi iliyofuata akampa mtu mwingine.

Utetezi wa tatu una uzito kidogo: kwamba wakati mwingine kosa sio la mpiga picha. Hii imeshatokea kweli. Nikon walipotoa D600 mwaka 2012, wapiga picha dunia nzima walilalamika kuwa sensa inajaa madoa ya vumbi na mafuta hata kwa mtu ambaye habadilishi lenzi. Mwaka 2013 ikaja D610, na mwaka 2014 kampuni ikatangaza kuzikagua D600 na kubadilisha shata bure, hata zile ambazo waranti yake imeisha. Kwa hiyo ndiyo, kamera inaweza kujichafua yenyewe. Lakini hata wenye D600 walikuwa wanasema "kamera yetu ina shida." Hakuna aliyemgeukia mtu wa mekapu.

Na uoga wa kuigusa sensa unaeleweka. Mtu kakopa kikoba kanunua kamera, umwambie aingize kitu ndani akasugue? Ila uoga huo ndo umezaa vituko. Kuna mmoja Dodoma, na vumbi la Dodoma linajulikana, alifuta sensa na pindo la fulana yake. Kile kioo cha mbele kikachanika mistari, na fundi akamtajia bei iliyomfanya akae chini. Wapo wanaotumia pamba za masikio, zinaacha nyuzi. Wapo wanaopuliza kwa mdomo, na huyu ndo yupo kwenye kila harusi, katoka kula pilau dakika tano zilizopita, anafungua kamera anapuliza "fuuu." Vumbi limetoka moja, mate yameingia kumi. Hata ile hewa ya kopo inayosafishia kompyuta haifai hapo, inaweza kurusha majimaji ya baridi yakakauka juu ya kioo na kuacha madoa mapya.

Kazi yenyewe haina uchawi. Siku moja kabla ya shughuli mpiga picha anaweka f/16 au f/22, ISO ya chini kabisa, analenga ukuta mweupe au anga, anavuruga fokasi makusudi, anapiga huku kamera ikisogea kidogo. Kila kitu kinayeyuka isipokuwa vumbi, lenyewe linabaki limetulia. Afungue kwenye kompyuta, akuze, aone. Doa likiwa juu kwenye picha, vumbi liko chini kwenye sensa, maana lenzi inapindua picha kichwa chini. Dakika tano zimeisha hapo.

Likiwepo, aanze na ile menyu ya kamera kujisafisha. Likigoma, bloa ya mpira, ile ya kuminya kwa mkono. Chumba kisicho na upepo, feni imezimwa, mdomo wa kamera unaangalia chini ili kinachong'oka kianguke nje, na ncha ya bloa isiguse ndani. Kamera zenye kioo ndani zina sehemu kwenye menyu ya kunyanyua kioo kwa ajili ya kusafisha kwa mkono, na betri iwe imejaa, kwa sababu ikikata katikati kioo kinarudi na shata inafunga, na ole wako kama kuna kitu ndani. Hizi mpya zisizo na kioo, ukitoa lenzi nyingi sensa iko wazi inakutazama. Nyingine, kama Canon EOS R ya mwaka 2018, ukizima shata inajifunga mbele yake. Hapo asisafishe ikiwa imefungwa, majani ya shata ni laini kuliko yanavyoonekana.

Vumbi lililonata ndo linafuatwa na kijiti chenye kitambaa chake maalumu. Upana wake unalingana na sensa, milimita 24 kwa sensa kubwa na 16 kwa zile ndogo za APS-C. Matone mawili ya dawa yake, unakipitisha kwenda mara moja, unageuza upande wa pili unarudi, unakitupa. Sio kesho ukitumie tena kwa sababu "bado kizuri." Asiyejiamini ampelekee fundi anayeaminika. Vijiti hivyo sio kila duka la kamera utavikuta, ila bloa ya mpira hata anayeanza anaweza kujipiga na kuinunua, na mtu anayetoza mamilioni kwa Jumamosi moja hana cha kusema hapo.

Halafu kuna hili la kamera za kukodi, ambalo wapiga picha wenyewe hawapendi litajwe. Wengi wenye majina wana kamera moja yao, na siku ya shughuli kubwa wanakodi nyingine mbili. Kamera ya kukodi ni kama jamvi la msiba, kila mtu analikalia, wa kulifua hayupo. Leo iko Bagamoyo mchangani, kesho kitchen party Kinondoni, keshokutwa mtu kaibeba kwenye begi la mgongoni juu ya bodaboda. Mwenye nayo anasema mkodishaji wa mwisho ndo asafishe, na mkodishaji anasema yeye kalipia kupiga picha tu. Katikati yao yupo bibi harusi ambaye hajui kama kuna kitu kinaitwa sensa. Anachojua ni kwamba siku yake haitarudiwa, na kwamba mtaalamu kamwambia uso wake ndo una shida.

Hapo ndo pabaya kuliko vumbi lenyewe. Mwanamke anaambiwa ngozi yake imeharibu picha, anaamini, kwa sababu kila siku anaambiwa hivyo na kila mtu. Huyu bibi harusi alikaa siku nne anajiangalia kwenye kioo kutafuta hayo madoa. Mama yake mdogo akamletea liwa na manjano ajisinge. Siku nne, kwa punje tatu za mchanga wa ufukweni.

Baada ya yule mdogo mtu kugundua, alizipanga picha kumi kwa mfululizo akamtumia mpiga picha WhatsApp bila maneno. Tiki zikawa bluu. Kesho yake ikaja linki mpya, picha za ufukweni zimefutwa madoa, na dole gumba. Basi. Hakuna samahani kwa bibi harusi, na dada wa mekapu hakutajwa kabisa, kama vile hakuwahi kuwepo.

Bibi harusi, tena kwa kujishusha, alimpigia yule dada kwa namba ya mtu mwingine akamwomba radhi. Dada akasema yameisha. Wifi yeye amegoma kufuta alichoandika, anasema akifuta ataonekana alikuwa mwongo, na kwani si aliambiwa na mtaalamu? Kwa hilo wifi ana hoja yake. Aliyetakiwa kusema ni yule mwenye wafuasi wengi, aweke picha moja ya mafiga yake angani na sentensi mbili chini yake: vumbi lilikuwa kwenye kamera, mekapu haikuwa na tatizo. Hazimpunguzii mteja hata mmoja, na zile send-off mbili zinaweza kumrudia mwenyewe.

Mpaka makala hii inapanda, komenti ya poda za chaki bado iko palepale na like zake zinaongezeka. Mpiga picha ameposti matangazo mapya. Jumamosi hii ana harusi nyingine, na picha za nje ni ufukweni, saa nane mchana.